Kabla Hamjauza Ng'ombe kwa Ajili ya Goti

Yapo magonjwa yanayoua, na yapo yanayomwacha mtu hai lakini yakamfunga nyumbani. Ugonjwa wa magoti ya uzeeni ni wa namna hii ya pili. Tazameni Jumapili kanisani: wakati wa kupiga magoti, ni wazee wangapi wanaobaki wameketi? Si kwa kukosa heshima. Magoti yamekataa.

Leo nataka kusema nanyi juu ya jambo moja tu la ugonjwa huo, nalo ni operesheni ya matundu madogo, maana familia yaweza kupoteza mali nyingi kwa ajili yake.

Kwanza tuuelewe ugonjwa wenyewe. Ncha za mifupa penye kiungo zimefunikwa na gegedu, kile kitu cheupe chenye kuteleza mnachokiona kwenye mfupa wa paja la kuku. Kazi yake ni kuzuia mifupa isisuguane. Miaka ikipita, au mwili ukiwa mzito, au goti likiwa liliumia zamani, gegedu hulika. Ndipo goti huuma, huvimba, na asubuhi hukaza.

Katika operesheni hiyo daktari hatoi goti wazi. Hutoboa matundu mawili au matatu madogo, akaingiza mrija mwembamba wenye taa na kamera, akaona yaliyo ndani. Kwa tundu jingine hupitisha vifaa vya kukwangua, kisha huosha goti kwa maji. Ufundi huu una historia ndefu. Mwaka 1918 daktari Kenji Takagi wa Tokyo alichungulia goti la maiti kwa chombo cha kutazamia kibofu cha mkojo. Mwaka 1962 Mjapani mwingine, Masaki Watanabe, aliondoa kwa njia hiyo kipande cha gegedu kilichochanika.

Basi, mama yetu alipofika hali ya kushindwa kwenda kisimani, kaka yangu akaja kutoka mjini na habari hiyo. Alisema: "Matundu mawili tu, goti linasafishwa, kesho yake mama anatembea. Tuuze ng'ombe wawili." Alisema kwa mapenzi, na sote tulitamani iwe hivyo. Mimi nilimjibu: "Kaka, ng'ombe si neno. Lakini je, goti lililolika husafishika?" Tukakubaliana kwenda kumwuliza daktari kwanza. Haya ndiyo niliyojifunza, nami nawapeni.

Mwaka 2002 madaktari wa Houston, Marekani, walitangaza matokeo ya jaribio lao. Wagonjwa 180 wa magoti yaliyolika waligawanywa kwa kura mafungu matatu. Fungu la kwanza waliwakwangua goti, la pili waliwaosha tu, na la tatu waliwachanja ngozi tu na kuigiza kazi yote, bila kuingiza chombo chochote ndani ya goti. Wagonjwa wote walikuwa wamekubali mapema kwamba huenda wakapata operesheni ya kuigiza, lakini hakuna aliyejua yumo fungu gani. Walifuatwa miaka miwili. Ikaonekana kwamba waliofanyiwa operesheni ya kweli hawakuwa na nafuu kuliko waliochanjwa ngozi tu.

Mwaka 2008 madaktari wa Kanada nao walilinganisha wagonjwa waliopata operesheni pamoja na mazoezi na dawa, na wengine waliopata mazoezi na dawa tu. Baada ya miaka miwili hapakuwa na tofauti. Na mwaka 2017 jopo la madaktari na wagonjwa lilishauri kwa nguvu katika jarida la BMJ la Uingereza kwamba karibu wagonjwa wote wa namna hii wasifanyiwe operesheni hiyo.

Mtasema: "Mbona fulani alipona?" Kumbukeni kwamba ugonjwa huu una siku mbaya na siku nzuri. Mtu hukimbilia hospitali akiwa katika siku mbaya kabisa. Hata asipofanyiwa kitu, mara nyingi hupata nafuu baadaye. Sifa huiendea operesheni.

Lakini msidhani nawakataza hospitali. Kijana aliyeumia goti likakwama, lisinyooke, huenda akahitaji operesheni hiyo. Na goti likivimba ghafula, likawa la moto, pamoja na homa, mpelekeni mgonjwa siku ile ile, maana huenda lina usaha.

Kwa goti lililolika, dawa ya kwanza ni kuutia nguvu mguu. Mzee akae kitini, anyooshe mguu mmoja, ahesabu hadi tano, aushushe. Kisha mguu wa pili. Afanye hivyo mara kumi, kila siku. Aliye mnene apunguze mwili: kila kilo moja inayopungua huliondolea goti mzigo wa kilo kama nne kwa kila hatua. Fimbo aishike kwa mkono wa upande usiouma. Vidonge vya maumivu asivimeze muda mrefu bila daktari, kwani vingine huumiza tumbo na figo. Goti likiharibika kabisa, ipo operesheni kubwa ya kuweka goti la bandia, nayo huwasaidia wengi.

Mama yetu alianza mazoezi akinung'unika. Baada ya miezi mitatu alifika kisimani, polepole, na fimbo yake. Maumivu hayakwisha yote, ila yamempa nafasi ya kuishi.

Kwa hiyo, wazazi na vijana, mtu akiwashauri operesheni ya matundu kwa goti la mzee, msione haya kumwuliza daktari maswali mawili: "Ni ugonjwa gani hasa unaotaka kuutibu kwa operesheni hii? Na je, tukifanya mazoezi tu, tutakosa nini?" Daktari mwema hatakasirika. Mkiisha kupata jibu, ndipo mfikirie habari ya ng'ombe.