Baiskeli ya Somo Wangu

Mwezi Januari mwaka 2022 serikali ya Kenya ilipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu, baada ya milingoti na nyaya za umeme kuhujumiwa na walanguzi. Amri hiyo haikutolewa kwa ajili ya mtu yeyote wa nyumbani kwetu Tetu, lakini iliinusuru baiskeli ya babu. Tulikuwa tumelibomoa ghala lake kuukuu wiki ileile, na baba mdogo alikuwa ameshapatana na mnunuzi ambaye angekuja na mizani yake, apime baiskeli pamoja na mabati yaliyotoboka na majembe yaliyokatika, alipe kwa kilo na kwenda zake. Mnunuzi aliposikia tangazo la serikali akaingia mitini. Biashara ilipofunguliwa tena mwanzoni mwa Mei kwa masharti mapya, mimi nilikuwa nimepata miezi mitatu na ushei ya kubishana na baba mdogo.

“Mtupa jongoo hutupa na mti wake,” aliniambia. “Mwenye baiskeli ameshatangulia. Wewe unaiwekea nini?”

Sikuwa na jibu la kutoa mbele ya watu. Jibu nililokuwa nalo ni kwamba baiskeli ile niliivunja mimi.

Kwa desturi ya Wagikuyu, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba. Kiswahili kina neno zuri mno kwa watu wawili wenye uhusiano huo: huitana somo. Mimi nilikuwa somo wa babu, na kwa sababu hiyo nilikuwa na uhuru nyumbani kwake ambao wajukuu wengine hawakuwa nao. Uhuru huo haukufika kwenye baiskeli. Ilikuwa Raleigh nyeusi yenye magurudumu ya inchi 28, tandiko la ngozi, na breki zisizotumia waya bali fito za chuma zilizoshuka kutoka kwenye usukani hadi kwenye rimu. Aliinunua kutoka kwa mlowezi aliyekuwa mwajiri wake upande wa Mweiga, mlowezi huyo alipokuwa akifungasha virago mwanzoni mwa miaka ya sitini. Kwa baiskeli hiyo alipeleka kahawa kiwandani, alikwenda kanisani, na wakati mmoja, kwa simulizi yake mwenyewe, alifika hadi Nanyuki na kurudi ili amwone ndugu yake mgonjwa. Anayezifahamu barabara za huko hatahitaji kuelezwa uzito wa safari hiyo.

Agosti 1999, nikiwa na umri wa miaka kumi na mitatu, niliichukua bila idhini. Ulikuwa msimu wa manyunyu, majira ambayo Nyeri hukaa siku nzima bila kuliona jua na Mlima Kenya husahaulika kama haupo. Niliteremka mteremko unaoelekea Mto Chania. Rimu za chuma zikilowa maji, raba za breki hazina cha kushika, jambo ambalo kila mwendesha baiskeli wa zamani alilijua, nami nikalijua nilipokuwa nimeshafika katikati ya mteremko. Niligonga ukuta wa kalvati. Gurudumu la mbele likajikunja mithili ya chapati iliyotolewa jikoni na kurushwa sahanini, na uma ulioshika gurudumu hilo ukarudi nyuma hadi ukakaribia fremu.

Niliikokota hadi nyumbani. Babu aliniuliza swali moja tu, kama nimeumia. Nikasema la, ingawa kidevu kilikuwa kikivuja damu. Akainyanyua baiskeli, akajaribu kulizungusha gurudumu, likakwama. Akaiangika ghalani. Tangu siku hiyo hadi alipofariki mwaka 2014 alikwenda kiwandani kwa miguu, na hakulitaja jambo lile hata mara moja. Laiti angenichapa! Kiboko kina mwisho wake. Mimi niliishi na ukimya huo kwa miaka kumi na mitano, kila likizo nikimwona akiteremka kwa miguu njia ileile.

Kwa hiyo niliposhinda mabishano (nilishinda kwa kumwahidi baba mdogo kwamba senti yoyote ya vyuma ingekuwa yake) niliazimia kuitengeneza baiskeli iwe kama ilivyokuwa. Niliipeleka Nyeri mjini juu ya pikipiki. Nilitambua kejeli iliyokuwamo. Tangu serikali ilipoziondolea kodi ya thamani pikipiki ndogo, mnamo miaka ya 2007 na 2008, boda boda za injini zilizifukuza baiskeli barabarani; sasa mojawapo ilikuwa imeibeba baiskeli mgongoni kama mgonjwa anayepelekwa hospitali.

Fundi niliyeelekezwa kwake anafanyia kazi Majengo, na Kiswahili chake ni cha mtu aliyekilelewamo. Uwanjani pake zilining'inia fremu zisizo na magurudumu, na chini yake mikebe ya rangi na ya maziwa ya unga iliyojaa vitu vilivyochambuliwa kwa uangalifu: nati huku, spoku kule, gololi kwenye mkebe wenye kifuniko. Aliitazama baiskeli yangu bila kuigusa.

“Unataka iendeshwe au unataka itazamwe?”

“Iendeshwe, Mzee.”

Ndipo alipokishika kidole changu cha shahada na kukipitisha chini ya bomba la juu la fremu, karibu na shingo, kisha chini ya bomba la pili. Pote pawili nilihisi mkunjo mdogo, kama kola ya shati iliyokosewa pasi. Rangi ilikuwa imepasuka hapo na kutu imeingia. “Hii haitaendeshwa tena,” alisema. “Lakini vitu vyake vitaendeshwa. Keti.”

Msomaji wa jarida hili bila shaka anasubiri niandike kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Fundi hakusema hivyo. Alisema nishike spana namba kadhaa, na tulianza kazi ambayo ilituchukua kutwa nzima.

Nilikuwa nimedhani kufungua baiskeli ni kazi ya nguvu. Ni kazi ya kungoja. Kwanza kila nati ilitiwa mafuta ya taa, kisha tukanywa chai. Pedali ya kushoto hufunguliwa kwa kuzungushwa upande usiotarajiwa, kwa kuwa hesi yake imekatwa kinyume ili mguu wa mpandaji usiilegeze. Wasiojua huikaza kwa nguvu zao zote wakidhani wanaifungua, na mkebe mmoja wa fundi ulijaa pedali zilizouawa kwa namna hiyo. Pini zinazoishika mikono ya krenki hazipigwi nyundo ovyo, maana kichwa kikishakunjamana pini haitoki ila kwa kutobolewa. Fundi aliutegemeza mkono wa krenki juu ya kipande cha bomba, akaifungua nati hadi ikawa sawasawa na ncha ya pini ili iikinge, kisha akapiga pigo moja. Pigo moja tu. Pini ya kulia ikatoka. Ya kushoto ilikataa, ikarudishiwa mafuta ya taa.

Nilikuwa na daftari, kwani mazoea ya mwanafunzi wa uzamili hayamwachi hata katika msiba. Niliandika: fremu, rimu, spoku, krenki, madigadi, karia, tairi, tyubu. Haya yote ni maneno yaliyotoholewa. Kisha: uma, mnyororo, kengele, tandiko, usukani, ambayo Kiswahili kilikuwa nayo kabla ya baiskeli kuja. Nilipokiita kile chombo cha katikati ya gurudumu “kitovu”, fundi alisita, akanitazama. “Habu,” alisema. Baadaye alilirudia neno langu peke yake, polepole, kama mtu anayejaribu nati kwenye bolti asiyoijua, na tangu hapo alianza kuniita mwalimu. Sijui kama ilikuwa heshima au dhihaka. Tunakaa katika kumbi zetu tukijadili istilahi, na ni vyema tujadili, lakini mtu ambaye tungemtungia istilahi hizo ana zake, na zinafungua nati.

Habu ya nyuma ndiyo iliyomfanya anyamaze. Aliifuta grisi kwa kitambaa, na kwenye ganda lake zikatokea herufi AW, jina la Sturmey-Archer wa Nottingham, na tarakimu 58. Kampuni hiyo ilikuwa ikipiga chapa ya mwaka kwenye habu zake, kwa hiyo baiskeli ya babu ilipata moyo wake mwaka 1958. Ndani ya habu hiyo mna gia tatu zilizofichwa: ya kati huzunguka sawa na mnyororo, ya chini hupunguza mwendo kwa robo na kukirahisisha kilima, ya juu huuongeza kwa thuluthi. Sasa nikaelewa ile safari ya Nanyuki. Fundi aliiweka sikioni na kuizungusha, ikatoa mlio wa saa ya ukutani. Imara kabisa. Kampuni yenyewe iliuzwa kwa Wataiwani mwaka 2000, na Raleigh iliacha kuunda baiskeli Nottingham miaka miwili baadaye. Habu ile imeishi kuliko kiwanda chake.

Spoku zilikuwa 40 nyuma na 32 mbele, kama ulivyokuwa mtindo wa Waingereza. Za nyuma zilipona zote. Za mbele tuliokoa kumi na tisa. Gololi alizitupa zote bila kuzitazama, kwa sababu mpya ni za bei rahisi na kuukuu huharibu nyumba yake. Vikombe zinamozungukia ndivyo alivyovikagua kwa miwani, akitafuta vishimo. Nilimuuliza kwa nini anavithamini hivyo ilhali duka la jirani linauza vikombe vya Kihindi. Akachukua kimoja, kipya, akakiingiza kwenye fremu ya babu. Kilizunguka mara moja na nusu kisha kikagoma. Raleigh, alinieleza, ilikata hesi 26 katika kila inchi, ilhali waundaji wengine wengi wa Uingereza, na Wahindi waliowaiga, walikata 24. Tofauti hiyo haionekani kwa macho. Anayelazimisha huharibu vyote viwili. Wako wazee wachache kutoka Karatina, Othaya hadi Naro Moru ambao bado wanaendesha Raleigh zao, nao hawawezi kununua vipuri hivyo dukani. Wanasubiri baiskeli nyingine ife.

Kufikia saa kumi ilikuwa imebaki uma. Niliuogopa uma ule, kwa kuwa ndio uliopinda waziwazi, na ndio uliobeba kosa langu bila kificho. Fundi aliubana kwenye jiliwa, akaukwangua rangi kwa tupa pale miguu miwili inapokutana na taji lake. Akakwangua zaidi. Chini ya rangi nyeusi kulikuwa na mstari wa manjano.

“Shaba,” alisema. “Uma huu ulilehemiwa tena. Haukutoka kiwandani hivi. Ulikunjika zamani, ukanyooshwa, ukalehemiwa, ukapakwa rangi. Kabla yako.”

Nilimwuliza ana hakika. Akanionyesha kwamba rangi ya hapo ilikuwa ya tabaka moja ilhali kwingine zilikuwa mbili, na kwamba miguu ya uma haikulingana, mmoja umejipinda kidogo nje mahali ambapo kiwanda kisingepinda. Chuma kilichokunjwa kikakunjuliwa hakina nguvu zake za kwanza, aliongeza; mtu wa kwanza aliyeanguka nayo ndiye aliyemwandalia wa pili.

Nilimpigia simu baba mdogo palepale. Hakujua lolote. Alikuwa kitinda mimba. Mengi yalishapita alipopata akili. Huenda aliyeanguka ni mlowezi, hata kabla ya kuiuza. Huenda ni mwingine yeyote katika miaka thelathini na zaidi baada ya hapo. Nakiri kwamba nilitaka sana awe babu. Nilitaka awe ameteremka mteremko uleule siku ya manyunyu, akajua kwamba rimu zikilowa hazishiki, akaikokota nyumbani, akaisitiri kwa rangi. Ningepata tafsiri ya kile kimya, na tafsiri hiyo ingekuwa nyepesi kubeba kuliko ile niliyokuwa nayo. Lakini mstari wa shaba hausemi ni nani. Nilimwona fundi akinitazama, nikajifanya naandika.

Tulihesabiana. Gurudumu la nyuma, pamoja na habu, lilikwenda kwa mzee mmoja wa upande wa Mweiga ambaye gia zake zilikuwa zimekatika tangu mwaka uliotangulia. Tandiko alilichukua fundi kuwa ujira wake pamoja na zile spoku kumi na tisa za mbele. Vikombe viliingia mkebeni. Gurudumu la meno, lenye vichwa vitatu vya korongo vilivyochongwa katikati yake, nilidhani nitalichukua mimi, lakini lilikuwa zima na lilihitajika, nikaona haya kuliomba. Fremu ilipimwa na mnunuzi mwenye leseni, nami nikampelekea baba mdogo shilingi zake. Alizihesabu, akanirudishia nusu bila maelezo.

Uma ndio niliouomba. Nilisema nautaka kama ulivyo, niuweke ukutani.

Fundi akakataa. Akachukua msumeno wa chuma. Uma mbovu, alisema, siku moja utaokotwa na mtoto, utanyooshwa mara ya tatu na kupakwa rangi, nao utakuwa mzuri machoni. Alikata pale penye shaba, taratibu, huku vumbi la manjano na la kijivu likimdondokea magotini. Ulipokatika akanikabidhi vipande vyote viwili, kimoja kila mkono, kisha akaniomba niviweke chini kwanza nimsaidie kuitoa ile pini ya kushoto, kwa kuwa mafuta ya taa yalikuwa yameshaingia.