Si Kila Kinachonyauka Kina Kiu

Hapana shaka wasomaji wetu wengi wamewahi kuiona okidi, ua lile lenye umbo mithili ya mbawa za nondo. Aina iuzwayo sana kwa pambo la nyumba asili yake ni misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki, na mtaalamu aitwaye Blume aliipa jina la Phalaenopsis katika mwaka 1825, maana yake kufanana na nondo. Huko kwao haioti ardhini, bali hushika magome ya miti, mizizi yake ikipata hewa mchana na usiku.

Mwaka huu tuliagiza mche mmoja kwa muuza maua wa mji mwingine. Uliwasili siku ya tatu ndani ya sanduku la karatasi, majani yamelegea na kukunjamana, maua yamepukutika. Watu wa nyumbani waliingiwa na huruma. "Maskini, una kiu," wakasema, na mmoja akakimbilia kata ya maji. Tukamwambia angoje tuitazame mizizi.

Tulipoutoa katika chombo chake tulikuta nyuzi za kuvumwani zimelowa chapachapa, na mizizi mingi imeoza, laini, ya rangi ya kahawia. Basi hapa pana jambo la kuzingatiwa. Mmea uliokosa maji hulegea majani, na mmea uliooza mizizi kwa wingi wa maji hulegea vivyo hivyo, kwa kuwa hauna tena kinywa cha kunywea. Dalili ni moja, maradhi ni mawili, na dawa ya haya ni sumu ya yale.

Tulipitisha mkasi motoni, tukakata mizizi yote iliyooza, tukabakisha minne iliyokuwa migumu. Kikonyo cha maua nacho tukakikata, ili nguvu iliyosalia isiishie katika pambo. Tukaupanda kwa vipande vya makumbi ya nazi na makaa katika chungu chenye matundu, tukauweka barazani penye mwanga pasipo jua kali. Mbolea hatukutia. Maji tuliyatia pale tu mizizi ilipoacha rangi ya kijani ikawa ya fedha, ambayo ndiyo alama yake ya kukauka. Wiki ya saba ukachungulia mzizi mpya, kisha jani.

Nasi tusomeshao chuoni huletewa watoto walionyong'onyea vivyo hivyo. Yupo mmoja aliyeletwa na shangazi yake baada ya kufiwa na mama. Hasomi, hachezi, akiulizwa hajibu. Watu wazima walisema ni mvivu, aongezewe somo na ukali. Sisi tulimpunguzia, tukamketisha karibu na mkeka wetu, aya moja kwa siku, bila kumhimiza. Mwezi wa pili aliisoma Suratul Fatiha kwa sauti mbele ya wenzake.

Mtume wetu (S.A.W.) alikataza israfu ya maji hata katika udhu. Twaona kwamba israfu yaweza kuingia katika huruma pia, na katika malezi. Basi enyi wazazi, mkimwona mtoto amelegea, msikimbilie kata wala bakora. Itazameni kwanza mizizi.

Wabillahi tawfiq.