Barua kutoka Bergen: Milima Saba na Majabali ya Dodoma

Ndugu zangu wa Dodoma,

Huku Norwei, chuo kikitaka kumvuta kijana wa nje humwonyesha kwanza milima. Habari za maabara na maprofesa hufuata. Bergen imezungukwa na milima saba, na mrefu kuliko yote, Ulriken, una mita 643 tu. Kwetu hicho ni kilima. Uwanda wenyewe wa Dodoma uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Tena mvua ya huku inapita milimita 2,000 kwa mwaka, wakati sisi tukipata 600 tunashukuru Mungu. Hata hivyo, kila Jumapili nawaona wanafunzi wa Ghana, Nepal na Ujerumani wakipanda huku wameloa chapachapa, wanacheka.

Kinachowapandisha si urefu wa mlima. Ni njia. Tangu 1957 sheria inamruhusu mtu yeyote, mwenyeji au mgeni, kutembea msituni na milimani bila kiingilio wala kibali. Chama cha watembeaji, kilichoanzishwa 1868, hupaka herufi T nyekundu kwenye mawe, na asiyejua neno la Kinorwei anafuata T hadi T mpaka kileleni. Ulriken waliwaleta Washerpa kutoka Nepal kupanga ngazi za mawe, zaidi ya 1,300. Mwanafunzi asiye na senti mfukoni anapanda hadi juu.

Mandhari peke yake hayatoshi, nakiri. Tangu 2023 wanaotoka nje ya Ulaya wanalipa ada, na idadi yao imeporomoka. Ndiyo maana naiwazia Dodoma. Ada zetu ni nafuu kuliko za huku, na treni ya umeme inafika kutoka Dar es Salaam tangu 2024. Lakini mgeni akitajiwa Tanzania anawaza Kilimanjaro, Serengeti na Zanzibar; Dodoma kwake ni ofisi za serikali na vumbi.

Na hapo Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, kilichoanza 2007, kimekaa juu ya vilima vyenye majabali! Nani amewahi kumpeleka mgeni huko saa kumi na mbili asubuhi, jiwe likiwa bado na ubaridi wa usiku, pimbi wakitoka kuota jua mmoja mmoja, na mibuyu ikionekana mpaka macho yachoke? Januari, nyasi zikishaota, nchi ile ile unaweza kuapa si yenyewe.

Kisha kuna Kolo, kama kilomita 180 kwa barabara ya Kondoa. Michoro yake ya miambani imo kwenye Urithi wa Dunia tangu 2006. Mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey alikwenda huko 1951 kuinakili: watu wembamba wa rangi nyekundu, wengine vichwa vimetuna kama wamevaa vilemba, twiga, pofu. Mwanafunzi wa historia au sanaa angesafiri nusu ya dunia kwa jambo hilo. Je, wangapi kati ya wanaosoma hapo Dodoma wamefika?

Nashauri nasi tuchore njia zenye alama, ila rangi ya T isiguse miamba ya Kolo kamwe. Kule vibao vya mbao vinatosha, pamoja na mwongozaji wa ofisi ya mambo ya kale. Wazee nao waulizwe kabla njia haijachorwa, kwa sababu Mungumi, mojawapo ya miamba hiyo ya Kolo, bado ni mahali pa tambiko, na mgeni anayeambiwa hivyo mapema huingia kwa adabu.

Vilima vya chuoni na vya mjini ndivyo vya kuanzia. Chuo kikubaliane na jiji na wenye mashamba wapi watu wapite, wanafunzi waweke alama, na ramani moja ibandikwe stendi na kituo cha treni. Mama wa uji na ubuyu atajua mwenyewe pa kuweka meza yake. Kazi hiyo ifanyike kiangazi, kabla ya mvua za Desemba. Likizo yangu ikiangukia hapo, nihesabuni kwenye kubeba mawe.

Wenu,
Bergen