Kinachoisha Kwanza

Katika jarida letu tumezoea kusoma juu ya viambishi, methali na lahaja za Katanga. Mimi leo naleta habari za mkate. Mwaka jana, kwa wiki tatu, nilifanya kazi ya ukalimani katika kiwanda kimoja cha mkate hapa Lubumbashi, na kazi ile ilinifundisha juu ya Kiswahili mambo ambayo sikuyapata katika daftari langu la semantiki. Jina la kiwanda nitaliacha.

Aliyeniita ni mwenzangu wa Politekniki, ambaye alikuwa akiandaa kazi yake ya mwisho wa masomo. Alikuwa ametengeneza mpango wa kila usiku: kiwanda kioke makasha mangapi ya mkate mkubwa na makasha mangapi ya mkate mdogo, ili faida ipande hadi mwisho wa uwezo wake. Jibu la kompyuta lilikuwa fupi: mkubwa 120, mdogo 0. Sifuri ile ilikuwa na watu ndani yake. Mkate mdogo hukatwa na kuviringwa kwa mikono, na wanaouviringa ni akina mama kumi na mmoja wa zamu ya usiku. Mwenye kiwanda alikuwa karibu kuukubali mpango, ila alitaka kwanza wafanyakazi waelezwe kwa Kiswahili, maana karatasi zote zilikuwa za Kifaransa. Kazi hiyo ndiyo niliyopewa.

Hesabu yenyewe ina umri wa kuheshimika. Mwaka 1939, huko Leningrad, mwanahesabu Leonid Kantorovich aliandika juu ya namna ya kugawa kazi kati ya mashine za kiwanda cha mbao ili zitoe mazao mengi zaidi. Mwaka 1947 Mmarekani George Dantzig, aliyekuwa akifanyia kazi jeshi la anga, alipata njia ya kufikia jibu hatua kwa hatua, njia inayoitwa simpleksi. Kati ya hao wawili kuna George Stigler, ambaye mwaka 1945 aliuliza: chakula cha bei ya chini kabisa kinachotosha afya ya mtu mzima kwa mwaka mmoja ni kipi? Alichukua vyakula 77, akakisia dola 39.93. Baada ya miaka miwili swali hilohilo likajaribiwa kwa njia ya Dantzig, likatoa dola 39.69. Chakula cha Stigler kilikuwa unga wa ngano, maziwa ya kopo, kabichi, mchicha na maharagwe makavu. Afya ilitimia kwenye karatasi, lakini hakuna mstari uliosema kwamba mtu anataka pia utamu. Peleka mpango kama huo katika jiko lolote la Kenya au Katuba, bila bukari na bila sombe, uone utakavyopokelewa.

Sasa turudi kwenye mkate. Nitatumia tarakimu za mwenzangu nilizozirahisisha, ili msomaji aweze kuzifuata kwa kalamu. Kasha moja la mkate mkubwa linakula kilo 10 za unga na dakika 4 za tanuri, linaleta faida ya franga 4,000. Kasha la mkate mdogo linakula kilo 8 za unga na dakika 2 za tanuri, linaleta franga 3,000. Kila usiku kuna unga kilo 1,200, yaani magunia 24 ya kilo hamsini. Tanuri, kwa mujibu wa karatasi, linawaka masaa 8, yaani dakika 480. Ukitumia unga wote kwa mkate mkubwa unapata makasha 120, tanuri linatumika dakika 480 bila kubakiza hata moja, na faida ni franga 480,000. Ukitumia unga wote kwa mkate mdogo unapata makasha 150 na franga 450,000. Mkubwa unashinda. Mwenzangu hakuwa amekosea kujumlisha popote.

Kazi yangu ilikuwa maneno. La kwanza lilikuwa lile ambalo Kifaransa kinaita «contrainte». Kamusi zilinipa kizuizi, kikwazo, sharti na mpaka. Nilipoyajaribu mbele ya wafanyakazi wawili, kila neno liliwapeleka mahali pengine. Kizuizi na kikwazo kwao ni kitu kibaya kinachopaswa kuondolewa njiani. Walianza kuniuliza nani amekiweka. Sharti ni jambo ambalo mtu mmoja anamtaka mwingine alitimize. Wakauliza adhabu yake ni nini. Mpaka ulikaribia, lakini ulileta mawazo ya mashamba na majirani. Ndipo fundi wa tanuri, mzee tuliyemwita Baba Fundi, aliposema: «Shi unataka kuuliza kitu gani njo inaisha mbele?»

Hakuna tafsiri niliyoipata kuwa bora kuliko hiyo. Hesabu nzima imo ndani ya sentensi ile. Unga unaweza kuisha kwanza, au moto, au mikono ya watu, na kinachoisha kwanza ndicho kinachoamua. Kilichobaki, ambacho vitabu vinakiita kwa jina gumu la kigezo cha tofauti, nilikiita masazo, na hakuna aliyehitaji maelezo zaidi. Kila nyumba inajua masazo. Neno la «mstari» lenyewe lilinisumbua kwa siku mbili, kwa sababu mstari kwa mfanyakazi ni foleni au alama ya kalamu. Nikaacha umbo, nikachukua maana: ukizidisha unga mara mbili, mkate nao unazidi mara mbili, ni uwiano. Na kanuni kwamba idadi haiwezi kushuka chini ya sifuri niliieleza hivi: hatuwezi kuurudisha mkate uwe unga. Walicheka, wakaelewa.

Siku ya mkutano mwenzangu alieleza kwa Kifaransa, mimi nikafuata kwa Kiswahili. Akina mama walikaa nyuma, karibu na meza zao. Nilipofika kwenye masaa 8 ya tanuri, mmoja wao, mama mkubwa wa zamu, aliinua mkono. Alisema: «Mwanangu, kuran inakatikaka. Ile masaa munane munaitosha wapi?»

Wasomaji wa jarida hili hawahitaji nieleze kwamba kutosha kwetu ni kutoa. Nataka tuangalie kitenzi cha kwanza. Mama hakusema kuran ilikatika, wala imekatika. Alisema inakatikaka. Hilo -ak-, ambalo Kiswahili chetu kinalo pamoja na lugha nyingi za Kibantu zinazotuzunguka, linataja jambo la kawaida, la mara kwa mara, linalotegemewa. Katika karatasi ya mwenzangu kukatika kwa umeme kulitajwa kwenye tanbihi, kama ajali inayoweza kutokea. Kwa mama lilikuwa sehemu ya kila wiki, sawa na Jumapili. Ningeweza kutafsiri maneno yake kwa Kifaransa kwa kusema kwamba umeme umekatika, na hali ile ya kitenzi ingepotea pamoja na kazi za watu kumi na mmoja. Nilitafsiri hivi: kwa kawaida, usiku, umeme haukai masaa 8. Kisha nikamwomba mama ataje idadi. Alishauriana na Baba Fundi. Wakasema: tuweke sita.

Mwenzangu ni mtu mwaminifu. Alifungua kompyuta palepale, akaandika dakika 360 mahali pa 480. Ukioka mkubwa peke yake kwa masaa 6, tanuri linatoa makasha 90 tu, franga 360,000, na kilo 300 za unga zinabaki gunia. Jibu jipya lilisema: mkubwa 40, mdogo 100. Hesabu na mimi. Unga: 400 na 800, jumla 1,200. Moto: 160 na 200, jumla 360. Hakuna masazo upande wowote, na faida ni franga 460,000, yaani laki moja zaidi ya mpango wa mkubwa peke yake. Mkate mdogo una faida ndogo kwa kila kilo ya unga, lakini una faida kubwa kwa kila dakika ya moto. Unga ukiisha kwanza, mkubwa ni mfalme. Moto ukiisha kwanza, mdogo unarudi mezani.

Mwenye kiwanda aliuliza kama basi si afadhali kuwasha jenereta. Swali zuri, na hesabu hii ina jibu lake. Vitabu vya Kifaransa na vya Kiingereza vinasema hapa juu ya bei ya kivuli. Sikuitumia, nilijua nitaulizwa kivuli kinauzwa soko gani. Nilisema: thamani ya saa moja ya nyongeza. Kwa masaa 7 ya moto mpango bora ni mkubwa 80 na mdogo 50, faida franga 470,000. Kwa hiyo saa ya saba inaleta franga 10,000 tu. Mazutu ya jenereta kwa saa moja ikigharimu zaidi ya hapo, ni hasara. Lakini kwa anayeshikilia mkate mkubwa peke yake, saa hiyohiyo inaonekana kuleta makasha 15, franga 60,000, na atanunua mazutu kwa furaha. Mpango mbaya unaipa kila kitu kilichopungua bei ya uongo.

Lilibaki neno moja, na hilo ndilo ninaloendelea kulifikiria. Karatasi ilianza na «fonction objectif», nami nikaandika lengo. Kwa Kifaransa maneno yale mawili yalisimama peke yake bila mtu kusumbuka. Niliposema tu lengo, sauti kutoka nyuma ikauliza: la nani? Sidai kwamba Kiswahili kina akili kuliko Kifaransa. Kila lugha inaweza kuuliza swali hilo. Ila katika mazungumzo yetu lengo bila -a ya umilikaji linasikika kama sentensi iliyokatwa. Nilimgeukia mwenye kiwanda, naye akajibu bila kuficha: lengo la kiwanda. Ilikuwa haki yake kusema hivyo. Lakini tangu hapo wote waliokuwa ndani ya chumba walijua kwamba mstari wa kwanza wa hesabu umechaguliwa na mtu, na kwamba ungeweza kuandikwa vingine: kwa mfano, faida iwe kubwa, lakini zamu ya usiku isipungue chini ya watu wanane. Hesabu ingekubali mstari huo bila kunung'unika. Ingetaja tu gharama yake.

Mstari huo haukuandikwa siku ile. Mwenye kiwanda alikubali mpango wa pili kwa majaribio ya miezi mitatu. Kwa makasha 100 ya mkate mdogo mikono inayohitajika ni michache kuliko zamani, hivyo akina mama wanane walibaki kwenye meza za kuviringa, na watatu wakahamishiwa kwenye kufunga na kupakia, kazi ya mchana yenye malipo madogo kidogo. Mmoja wa hao watatu aliniambia kwamba angependa usiku. Sikuwa na jibu la kumpa.

Kwa idara yetu nina pendekezo moja. Tunatengeneza istilahi tukiwa tumekaa na kamusi mbili, moja ya Kifaransa na moja ya Kiswahili sanifu, tukitafuta neno la kujaza nafasi. Maneno tunayoyapata ni halali, lakini mara nyingi hayajapita mkononi mwa mtu yeyote. Katika kiwanda kile kinachoisha kwanza, masazo na saa ya nyongeza yalikuwa tayari yanafanya kazi kabla sijafika, yakisubiri tu mtu wa kuyaandika. Vilevile hali ya kitenzi, ambayo tunaifundisha kama suala la sarufi, ilikuwa na uzito wa dakika 120 za moto. Mwanafunzi wa lugha za Kiafrika anayejua kusikia tofauti kati ya imekatika na inakatikaka ana kazi ya kufanya kwa wahandisi, na wahandisi wana hesabu ya kumwonyesha.

Orodha ya maneno niliyotumia, ishirini na tatu kwa jumla, imebandikwa ukutani karibu na tanuri, na unga umeshaanza kuifuta. Nakala nyingine nimeiacha kwa msaidizi wa idara. Atakayetaka kuisahihisha naomba aanze na «uwiano», maana bado siridhiki nalo.