Uzuri wa Mkakasi

Mama yangu huuza mboga sokoni hapa Nakuru. Kila Jumamosi hutoa shilingi 300 katika chama chao cha akina mama, na mnamo Desemba 2025 zamu yake ya kupokea ikafika. Zilikuwa shilingi 15,000, zimefungwa kwenye pindo la leso. Akanipa zote.

"Mimi mambo ya tarakilishi siyajui," akasema. "Wewe ndiwe unayesoma. Kanunue ile itakayokufaa."

Sisi ndio kitindamimba wa 8-4-4, na katika kidato cha nne tuna mradi wa somo la tarakilishi. Shuleni tunakaa watatu kwa mashine moja, halafu kengele ya saa kumi ikilia sisi wa kutwa tunaenda zetu. Nilihitaji mashine yangu nyumbani.

Mwalimu wetu alikuwa ametuonya kabla ya likizo: anayenunua mashine ya kutumia Linux asilipe kabla ya kumwonyesha. Lakini asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nilienda peke yangu kwenye duka moja la vipakatalishi vilivyotumika ng'ambo. Mezani palikuwa na viwili vya bei moja. Kimoja kilikuwa ThinkPad nyeusi, nene kama tofali, imechubuka pembeni. Cha pili kilikuwa chembamba, cha rangi ya fedha, kinametameta kama kioo. Nikuulize, msomaji, wewe ungechukua kipi?

Linux nilikuwa nimeichagua kwa sababu. Mashine hiyo ilikuwa kuukuu mno kupokea Windows 11, na Microsoft walikuwa wamekoma kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Linux nayo ni ya bure. Ilianzishwa mwaka wa 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki kule Ufini, akiwa na umri wa miaka 21 tu. Mitano zaidi yangu!

Usiku huo niliiweka kwa flashi niliyoazima kwa rafiki. Ilikubali vizuri hata nikapiga makofi. Kisha nikatafuta waifai. Hakuna. Nikafungua wimbo. Kimya, kama kaburi. Moyo ukanidunda. Papo hapo Mama akachungulia mlangoni.

"Inafanya kazi?"

"Ndiyo, Mama. Sawasawa kabisa."

Kwa wiki tatu, kila jioni, niliketi mbele ya ile mashine nikichapa maneno yasiyo na maana ili asikie vidole vyangu. Nilimsikia akiwaambia majirani wapunguze sauti, ati mtoto anasoma. Jamani, afadhali angenichapa.

Njia ya mwongo ni fupi. Jumapili moja akaniomba tumpigie shangazi aliye Qatar tumwone uso, maana simu yake ya kitufe haina uwezo huo. Nikakosa la kusema. Mwishowe nikamwambia ukweli wote, machozi yakinilengalenga. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Tukiirudisha watatupa ngapi?" Hawakutupa hata senti. Kikishauzwa kimeuzwa, walisema.

Shule zilipofunguliwa nikaipeleka kwa mwalimu. Alifungua kile kidirisha cheusi cha kuandikia amri, akachapa lspci, na orodha ya vipande vilivyomo ndani ikatokea. "Wewe ulinunua kifuniko," akasema. "Linux haijali kifuniko. Inajali chipu."

Kumbe kila kipande huhitaji programu ya kukiendesha. Watengenezaji wengine huiandikia Windows peke yake na kuficha siri za chipu zao, basi watu wa Linux hubaki wakibahatisha. Wengine, kama Intel na AMD, huandika wenyewe na programu zao huingizwa katika kiini cha Linux, kwa hivyo kipande hutambulika pasipo kuhangaika. Zipo pia chipu zinazodai programu ndogo ya ziada ambayo leseni yake si huru. Debian hawakuwa wakiiweka katika nakala yao ya kawaida hadi toleo la 12 lililotoka Juni 2023, na flashi yangu ya kuazima ilikuwa ya kale kuliko hilo.

Mwalimu akaunganisha simu yake kwa waya wa USB, tukapakua ile programu kwa bando zake mwenyewe, na waifai ikaamka. Sauti ilikataa katakata. Hadi leo natumia spika ndogo ya USB, inayokoroma kama mzee mwenye mafua. Kadi ya waifai yenyewe imechomelewa kwenye bodi, haibadilishwi. Ile ThinkPad nyeusi ningeweza kuifungua kwa bisibisi tu.

Aprili, mjomba alitaka kumnunulia binti yake mashine. Mama akasema tutaenda sote. Safari hii nilibeba flashi mpya ya Linux Mint, inayowaka yenyewe bila kugusa diski ya ndani. Mwenye duka aliponiona nikiichomeka akafoka, "Kijana, hapa si maabara!"

"Na pesa bado si zako," Mama akamjibu.

Mashine ikawaka. Majina ya waifai za jirani yakajipanga moja baada ya jingine. Nikafunga kifuniko, nikahesabu hadi ishirini, nikakifungua, ikaamka. Kamera, sawa. Mjomba akaanza kuhesabu noti, nami nikanyoosha mkono kuchomoa flashi. Mama akanishika kiwiko.

"Ngoja kwanza. Hujatupigia wimbo."