Nyandira: Kikombe cha kwanza ni cha mtoto

Ukitoka Morogoro mjini kwa barabara ya Iringa, unakata kushoto pale Sangasanga, unaipita Mlali, kisha gari linaanza kupanda. Joto la mjini linabaki chini. Kona zinaongezeka, abiria wanatoa masweta kwenye mifuko, na kwenye miteremko ya milima ya Uluguru yanaanza kuonekana matuta ya kabichi, karoti, njegere na viazi. Hapo umeingia Mgeta, wilayani Mvomero, eneo linalopeleka mboga Morogoro na Dar es Salaam.

Nyandira ni mojawapo ya vijiji vya huko, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,500. Asubuhi ukungu unafunika mashamba, na mara nyingi kabla hujaiona nyumba unasikia mbuzi wakilia nyuma yake.

Mbuzi hao si wa kienyeji. Wana viwele vikubwa, wengi ni weupe au wa kijivu, na wazazi wao walitoka Norway. Waliletwa katika miaka ya 1980 kwa ushirikiano wa Norway na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kilichopo Morogoro. Mgeta ilifaa kwa sababu mbili. Baridi yake inawafaa wanyama waliotoka nchi ya baridi, na miteremko yake ni mikali mno kwa ng'ombe. Mashamba ni madogo, hakuna uwanda wa malisho, na maziwa hayakuwa chakula cha kila siku kwa familia nyingi za Waluguru wa milimani.

Banda juu ya miti

Banda la mbuzi wa maziwa huku halijengwi chini. Linainuliwa kwa nguzo, na sakafu yake ni ya fito au mbao zilizoachiwa nafasi ndogo, ili kinyesi na mkojo vianguke chini. Mbuzi analala pakavu, kwato haziozi, na kiwele hakigusi uchafu. Samadi inayokusanyika chini inarudi kwenye matuta ya kabichi.

Mbuzi hawaachiwi kuzurura, maana watamaliza mboga za jirani na kuleta kesi. Majani yanakatwa na kuletwa bandani: mabingobingo yaliyopandwa kwenye kingo za matuta, majani ya milusina, na mabaki ya mboga. Yananing'inizwa juu, kwa sababu mbuzi hapendi kula kilichokanyagwa. Anaongezewa pumba, jiwe la chumvi na maji safi. Kazi ya kubeba majani huwaangukia zaidi kina mama na watoto, na familia inayofikiria kufuga ni vizuri ikubaliane mapema nani atabeba siku gani.

Dume hukaa mbali na majike, hasa wakati wa kukamua. Harufu kali ambayo wengi huilaumu kwa maziwa ya mbuzi mara nyingi hutokana na dume kuwa karibu, au chombo kichafu. Maziwa yaliyokamuliwa kwa usafi na kupozwa mapema hayana harufu hiyo.

Hesabu ya lita moja

Katika nyumba moja kijijini hapo, mama wa watoto watatu anakamua saa 12 asubuhi. Ananawa mikono kwa sabuni, anaosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu na kukikausha kwa kitambaa safi. Matone ya kwanza anayakamulia kwenye kikombe cha pembeni. Akiona mabonge au damu, anajua kiwele kinaumwa, na maziwa hayo hayaingii jikoni. Vivyo hivyo mbuzi akichomwa sindano ya dawa, maziwa hayatumiki mpaka ziishe siku alizoelekezwa na mtaalamu wa mifugo.

Mbuzi aliyelishwa vizuri katika mazingira kama haya hutoa lita moja kwa siku, mwingine mbili. Lita moja ni vikombe vinne vya robo lita. Hapo ndipo kuna mtihani wa kila asubuhi. Jirani amesimama mlangoni na hela mkononi, chumvi imeisha, daftari la shule linadaiwa. Akiuza vikombe vyote vinne, watoto wanakwenda shule na chai ya rangi, na mbuzi amekuwa mradi wa watu wengine. Mama huyu ana utaratibu wake: vikombe vya watoto vinatoka kwanza, kinachobaki ndicho kinauzwa. Siku ambayo mbuzi ametoa kidogo, jirani anaambiwa aje kesho.

Mbuzi hubeba mimba kwa miezi mitano, na miezi miwili ya mwisho anatakiwa aache kukamuliwa ili kitoto kikue vizuri tumboni. Ndiyo maana wafugaji wenye uzoefu hupenda kuwa na majike wawili wanaozaa kwa kupishana. Mmoja akipumzika, mwingine anakamuliwa.

Mtoto wa miezi minne

Mtoto wa mwisho katika nyumba hii ana miezi minne. Mama anakwenda shamba, na bibi anayebaki naye anaona njia rahisi.

"Mwanangu, si tumpe ya mbuzi kidogo, tuyachanganye na maji?" anauliza.

"Hapana, mama. Kliniki wamesema bado. Nitamwachia yangu kwenye kikombe."

Swali la bibi linaulizwa katika nyumba nyingi, na linaulizwa kwa upendo. Jibu la mama ndilo sahihi. Mtoto aliye chini ya miezi sita anahitaji maziwa ya mama peke yake, bila hata maji. Maziwa ya mbuzi yana protini na madini mengi kuliko figo za mtoto mchanga zinavyoweza kumudu, na yana upungufu mkubwa wa asidi ya foliki, vitamini inayosaidia kutengeneza damu. Mtoto mchanga anayelelewa kwa maziwa hayo anaweza kupata upungufu wa damu. Kuyachanganya na maji hakuondoi tatizo, bali kunapunguza lishe na kunaweza kuleta kuhara.

Maziwa ya mama yakikamuliwa kwa mikono safi na kufunikwa kwenye kikombe safi mahali pa baridi, yanaweza kukaa kwa muda wa saa nne, na bibi akamnywesha mtoto kwa kikombe hicho.

Baada ya mwaka mmoja, maziwa ya mbuzi yanakuwa sehemu nzuri ya mlo, huku mtoto akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Foliki iliyopungua inapatikana kwenye mboga za majani na maharage, vyakula ambavyo Mgeta inavyo hatua chache kutoka bandani. Mzazi ambaye mtoto wake ana mzio wa maziwa ya ng'ombe asijaribu ya mbuzi bila kumwona daktari, kwani protini zake zinafanana na wengi hudhurika na yote mawili.

Sufuria lazima ichemke

Wapo wanaoamini kwamba maziwa mabichi yana nguvu zaidi. Ukweli ni kwamba mbuzi anayeonekana mzima anaweza kuwa na brusela, ugonjwa unaompa binadamu homa za kurudirudi, jasho la usiku na maumivu ya viungo, na dalili zake hufanana na za malaria. Kuchemsha maziwa huua vijidudu vyake. Maziwa yachujwe, yachemke mpaka yaumuke, yakorogwe, kisha yafunikwe. Mbuzi akitupa mimba, mabaki yasishikwe kwa mikono mitupu, na mjamzito akae mbali.

Jua likipenya ukungu, sufuria inaepuliwa. Vikombe viwili vinajazwa kwa wanafunzi wawili waliovaa sare, cha tatu kinakwenda kwenye chai ya bibi. Mdogo ananyonya mgongo ukiwa umeegemezwa ukutani, kabla mama hajachukua jembe. Jirani anaondoka na kikombe kimoja kilichobaki.