Safari ya Kwanza: Pongwe hadi Bandari ya Kigoma

Nilipanda basi Pongwe alfajiri, tukapita Segera na Chalinze, nikashuka Morogoro kungoja treni ya reli ya kati. Sikuwahi kufika mbali zaidi ya hapo. Kwetu Tanga, reli ya Mjerumani ilianza kujengwa mwaka 1893, na vita vya Novemba 1914 tunasimuliwa tangu utotoni. Safari hii nilikwenda kuiona meli iliyotumika katika vita hivyohivyo, Vita vya Kwanza vya Dunia, Ziwa Tanganyika.

Dodoma tuliipita usiku. Baada ya Tabora, mazungumzo behewani yakawa ya mgebuka na dagaa. Mimi niliwaza kwamba reli hii iliwahi kubeba meli nzima. Graf von Goetzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande na kufungwa katika makasha yapatayo 5,000. Ilishushwa Dar es Salaam, ikapakiwa kwenye treni, na Kigoma ikaunganishwa upya. Februari 1915 iliingia majini: meli ya mvuke, urefu wake mita 71. Manowari Königsberg ilipoangamia Rufiji Julai mwaka huo, mzinga wake mmoja ulikuja kufungwa juu ya Goetzen.

Bandarini nilisimama mbele yake kwa muda mrefu. Sasa inaitwa Liemba. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isiangukie mikononi mwa adui, lakini mafundi waliipaka mitambo grisi nzito kwanza. Waingereza walipoiibua mwaka 1924, mitambo ilikuwa ingali inafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kubeba abiria na mizigo. Mvuke ulipisha dizeli miaka ya 1970. Mwaka 2015, meli hii iliyowahi kutumika vitani iliwavusha maelfu ya wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga hadi Kigoma.

Vitabu vinawataja kwa majina mafundi watatu Wajerumani waliosimamia kazi ya kuiunganisha meli: Rüter, Tellmann na Wendt. Waafrika na Wahindi waliobeba vyuma na kugonga ribiti pamoja nao hutajwa kwa jumla tu. Hilo si haki. Msomaji, ikiwa babu au bibi yako alisimulia habari za reli ile au bandari ile, ziandike leo, na majina yao uyaandike kamili.